Wanafunzi wa Saikolojia na Barua ya Mtendaji

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Masjala wa hospitali moja ya Iringa alinipa ndoo ya maji na kitambaa, akanionyesha makabati manne ya chuma. Nilikuwa na cheti cha darasa la saba na kozi fupi ya utunzaji wa kumbukumbu, nikadhani nitapewa kalamu.

"Futa vumbi," alisema. "Lakini kila faili unalolifuta, soma jina. Ukifika kabati la nne utakuwa umewajua wagonjwa kuliko daktari."

"Na nikimaliza?"

"Hutamaliza, Zuhura. Hii ni masjala."

Kwa wasiojua, masjala ni chumba yanakokaa mafaili ya hospitali. Mgonjwa anatoa kadi dirishani, sisi tunatafuta faili lenye namba ile ile, linakwenda kwa daktari, jioni linarudi kabatini. Faili likipotea, mtu huyo anakuwa kama hajawahi kuugua. Siku hizi hospitali nyingi zimeingia kwenye kompyuta, lakini kwa miaka yangu mingi yote ilikuwa karatasi, kamba na kumbukumbu ya kichwa.

Mkuu yule alinifundisha na jambo la pili, ambalo limenikaa mpaka leo. Alinikataza kumwamini mtu anayeomba faili bila kusema sababu. "Huyo hataki karatasi," alikuwa akisema. "Anataka kumshika mtu." Tabia hiyo ya kumtilia mtu shaka kabla sijamsalimia niliichukua Iringa, nikaenda nayo Usangu, nikastaafu nayo Mbeya. Kuna siku ilinisaidia. Kuna siku ilinidanganya, na hiyo ndiyo ninayotaka kuwaeleza.

Kutoka Iringa nilihamishiwa kituo cha afya kimoja katika uwanda wa Usangu, si mbali na Rujewa. Jina lake naliacha. Pale masjala ilikuwa mimi na rafu mbili za mbao. Nilimchukua mdogo wangu wa mwisho, Rajabu, aje kuishi nami. Alikuwa na kifafa tangu utotoni, na dawa za kifafa hutolewa kliniki ya afya ya akili, kila mwezi, bila kukosa. Akizimeza anakaa mwaka mzima bila kuanguka. Huko Rujewa alipata kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, akaoa binti wa Kisangu anayeitwa Mariamu. Mimi nilipohamishiwa hospitali ya Mbeya, yeye alibaki. Alisema Mbeya ni baridi na watu wake hawajui wali.

Miaka mingi baadaye, msimu mmoja wa mavuno, mashine zilifanya kazi bila kupumzika na Rajabu akakosa kliniki mara mbili. Dawa zilizobaki zilipokwisha alikwenda kituoni. Aliambiwa dirishani kwamba aliyekosa kliniki hapewi dawa mpaka alete barua ya mtendaji wa kijiji, kuthibitisha kwamba ni mkazi na ndiye mwenyewe. Mtendaji alikuwa kwenye vikao wilayani. Rajabu alimfuata siku tatu. Siku ya tatu aliipata barua, akaanza safari ya kurudi kituoni kwa miguu, akipita kando ya mfereji wa mashamba ya mpunga. Alianguka humo. Waliokuwa wakivuna walimtoa, lakini ilikuwa imechelewa.

Barua waliikuta mfukoni mwa shati. Alikuwa ameifunga kwenye mfuko wa nailoni ili jasho lisiiharibu, kwa hiyo ilikuwa kavu kabisa. Nilipewa mimi, dada mtu. "Mtajwa hapo juu ni mkazi wa kijiji hiki na anatambulika." Muhuri, sahihi, tarehe ya siku ile ile.

Sikulia mbele za watu. Baada ya msiba nilirudi kazini Mbeya na barua ile kwenye mkoba wangu. Ikakaa humo.

Shaka yangu yote niliielekeza kwa mtu mmoja, Muuguzi Mfawidhi wa kituo kile, yaani muuguzi anayekisimamia. Aliitwa Sista, kama wauguzi wote. Mimi na yeye hatukuwahi kufanya kazi pamoja. Alikuja baada yangu. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, msibani, akiwa amebeba mfuko wa mchele kichwani. Alikaa mkekani na wanawake, akanitazama kama mtu mwenye neno, kisha akaondoka bila kulisema. Nikasema moyoni, huyu amekuja kuchungulia kama tunajua. Nilijijengea hakika kwamba barua ile aliibuni yeye, ama kwa ukatili, ama kwa sababu dawa zinakwenda mahali pengine na anahitaji kisingizio cha kuwarudisha watu. Ushahidi sikuwa nao. Nilikuwa na chuki, na chuki hujifanya ushahidi.

Nikiwa nimebakiza miezi michache kustaafu, Katibu wa Afya, ambaye ndiye msimamizi wa utawala wa hospitali, aliniita ofisini.

"Bi Zuhura, una wageni. Wanafunzi wa saikolojia tiba, watatu, na mkufunzi wao."

Mwanasaikolojia tiba ni mtaalamu anayemtibu mtu kwa mazungumzo na vipimo vya akili. Haandiki dawa. Niliuliza wana shida gani na masjala, wakati wagonjwa wako wodini.

"Ndicho ninachojiuliza," alisema, akashusha sauti. "Watembeze. Lakini uwe unaniambia wanaandika nini."

Basi nilitumwa kuwapeleleza watu ambao hospitali nzima ilishasema ni wapelelezi. Stoo walisema wametumwa kupunguza wafanyakazi. Jikoni walisema ni wa kodi. Mtunza stoo, mtu wa mzaha, aliwaambia wenzake, "Mkimwona mmoja wao anafungua daftari, kohoeni tu. Aandike kikohozi."

Mkufunzi alikuwa mwanaume mfupi, mpole, tuliyemwita Dokta. Siku ya kwanza aliwaketisha wanafunzi wake kwenye benchi la wagonjwa, nje ya dirisha langu, nami nikasikia kila kitu.

"Wiki mbili za kwanza hakuna mgonjwa," aliwaambia.

Mwanafunzi mmoja, binti wa Tukuyu aitwaye Atupele, akasema, "Dokta, tumekuja kutibu watu."

"Utamtibu mtu wiki sita, umrudishe kwenye dirisha lililomvunja moyo. Nani kashinda?"

"Dirisha."

"Basi anza na dirisha."

Aliita kazi ile kuusoma mfumo. Kwa jinsi nilivyomwelewa mimi, mfumo ni yale yote ambayo watu wa mahali fulani wameyazoea mpaka hawayaoni: nani humuuliza nani, nani husubiri, karatasi gani hutangulia. Kila mwanafunzi alitakiwa kuchagua jambo moja ambalo wote hulifanya na hakuna awezaye kusema lilitoka wapi, kisha alifuate kinyumenyume. Na aliwapa sharti moja lililonishangaza. Hawakuruhusiwa kuuliza kwa nini.

"Ukimuuliza mtu kwa nini, anajitetea," alisema. "Muulize, ulipofika hapa ulimkuta nani akifanya hivi? Hapo anakumbuka."

Nilikaa na jambo hilo siku mbili, nikikunja na kukunjua kitambaa changu. Siku ya tatu nilimwita Atupele ndani. Aliinama kidogo, akasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeshapata jambo lako?"

"Bado. Kila ninakogusa watu wananikoholea."

Nilijizuia kucheka. "Nitakupa mimi. Kuna vituo huko Usangu, mtu akikosa kliniki hapewi dawa bila barua ya mtendaji. Lifuate hilo."

"Huko Dokta ametupangia tutembelee. Mama unalifahamu vipi?"

"Niliwahi kufanya kazi kule."

Niliishia hapo. Habari za Rajabu sikumwambia. Nasema wazi, nilimtumia binti wa watu. Yeye alikuwa anajifunza kazi, mimi nilikuwa natafuta jina la Sista liandikwe mahali ambapo wakubwa watalisoma. Kwa Katibu nilipeleka taarifa kwamba wanafunzi wanaandika mambo ya foleni, hakuna hatari.

Atupele alikaa kule wiki moja na nusu. Alirudi Ijumaa mchana, viatu vyekundu kwa vumbi, amekumbatia mfuko wa kitenge. Masjala tulikuwa wawili tu.

"Nilimuuliza Sista kama ulivyomsikia Dokta akitufundisha," alianza.

"Mliofundishwa ni ninyi."

"Mama, unasikiliza kuliko sisi." Akakaa. "Sista anasema alipofika alimkuta mtangulizi wake akidai barua. Akadhani ni agizo la wilaya. Mtangulizi amestaafu, anaishi Mafinga na mwanawe mwenye karakana ya mbao. Nikapanda basi, nikamfuata."

"Mpaka Mafinga?"

"Nimekaa kwenye maranda saa nzima nikimsubiri amalize kuswali. Naye anasema alikuta tangazo limebandikwa dirishani, limechanika. Alilinakili upya. Hakumbuki vizuri maneno ya zamani, ila anakumbuka aliongeza. Lilisema aliyepoteza kadi. Yeye akaandika aliyepoteza kadi au aliyekosa kliniki, maana wanaokosa kliniki ndio haohao hupoteza kadi."

Niliona Sista ananiponyoka. Nikauliza, kwa haraka kuliko nilivyotaka, "Na hilo la kwanza alilibandika nani?"

Atupele alifungua ule mfuko wa kitenge. Ndani mlikuwa na kaunta buku la zamani alilopewa kituoni, lile daftari gumu la jalada jeusi, kingo zimeliwa na mchwa. Humo ndimo barua za kwanza zilimobandikwa, moja kila ukurasa. Juu ya jalada, kwa wino wa bluu uliopauka: BARUA ZA UTAMBULISHO, KWA MUDA. Chini yake herufi mbili za jina langu, na mkia mrefu ninaouweka kwenye Z tangu nikiwa darasa la tatu.

Sikuhitaji kuuliza tena.

Yote yalirudi. Mwaka mmoja nikiwa bado kule Usangu, mvua zilileta maji mpaka ndani ya kituo, mafaili ya rafu ya chini yakaloa, watu wengi wakapoteza kadi. Walikuja kliniki wanaume wawili wenye majina sawa, wote hawana kadi, nami nikatoa faili la mmoja kwa mwingine. Aliyekosewa alipewa dawa nzito isiyo yake, akalala siku mbili. Aliamka, nashukuru. Lakini Mganga Mfawidhi, yaani daktari mkuu wa kituo, aliniita akasema, "Zuhura, nikisikia tena jambo kama hili, utarudi Iringa kufuta vumbi." Nikatafuta namna ya kujikinga. Nikaandika tangazo: aliyepoteza kadi aje na barua ya mtendaji. Nilikusudia mwezi mmoja, mpaka kadi mpya zifike. Kadi zilifika. Tangazo sikulibandua. Nikahamishwa.

"Mama," Atupele alisema taratibu, "siyo lazima jina liandikwe. Dokta hataki majina. Naweza kuandika karani wa zamani."

Nilijua ananipa mlango. Nilikuwa nimebakiza wiki tatu nistaafu. Ningeweza kuondoka na keki yangu na khanga za kuagwa, na Sista angeendelea kuchukiwa na mtu asiyemjua.

"Kuna kitu hujaniambia," akaendelea. "Ulipoanza kunitajia hii barua, mikono yako ilikuwa ikikunja kitambaa kama sasa."

Nilitoa mfuko wa nailoni kwenye mkoba, nikauweka juu ya kaunta buku. Alisoma jina, akasoma tarehe, akanitazama. Nikamweleza kuhusu mfereji. Hakunipa pole ya haraka. Alivuta kiti chake karibu, na ndipo nilipoona kwamba kweli anafundishwa kazi.

"Ulitaka nimlete Sista," alisema mwishoni.

"Ndiyo, mwanangu. Unisamehe."

"Sitakuficha, nimechukia kidogo." Akafuta macho. "Nikiandika ripoti yangu, hii nayo nitaiweka. Kwamba aliyenituma alikuwa na lake."

"Iweke."

Wiki iliyofuata kulikuwa na kikao cha kuhitimisha mafunzo. Dokta alikuwa amewaalika watu wa vituo vilivyotembelewa, na Sista alikuja. Nilimwona akiingia, akachagua kiti cha nyuma kama mtu aliyeitwa polisi. Atupele alieleza safari ya barua bila kutaja jina. Alipomaliza nikasimama. Sikuwa kwenye ratiba. Katibu wa Afya alinikazia macho.

Nilisema, "Karani huyo wa zamani ni mimi. Na barua hiyo imemchukua mdogo wangu." Nikaeleza mengine kwa sentensi chache. Kisha nikamgeukia Sista. "Nimekudhania mabaya tangu msibani. Hukuwa nayo."

Sista alisimama akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili.

"Dada," alisema, "aliyemrudisha Rajabu dirishani ni mimi. Nilimjua. Mashine yao ndiyo niliyokobolea mpunga wangu. Nilimwambia, nawe Rajabu, sheria ni sheria, nenda kalete barua. Akacheka, akaenda. Nilikuja msibani nikuambie. Nikashindwa, nikaacha mchele."

Nilikuwa nimeukataa mchele ule. Niliugawa kwa majirani.

Dokta hakutuacha tukae na machozi peke yake. Aliwaambia wanafunzi kwamba nusu ya pili ya kazi yao ndiyo ngumu, kuubadili mfumo, na kwamba mtu asiondoe jambo kabla hajajua linamkinga nani. Akamuuliza Sista, "Barua ikiondoka, utaogopa nini?"

"Kumpa mtu dawa ya mwenzake," alijibu bila kufikiri.

Hofu yangu ile ile. Ilikuwa imekaa dirishani inasubiri kila aliyekuja baada yangu.

Walikaa na Sista mchana mzima, na mimi nikiwa pembeni kwa ajili ya mambo ya mafaili. Tulikubaliana picha ibandikwe ndani ya kila faili, na mhudumu wa afya wa kijiji, anayewajua watu kwa sura, awepo siku ya kliniki. Aliyechelewa aingie kwanza, apewe dawa za siku chache, maswali na karatasi vifuate. Atupele aliandika tangazo jipya: "Ndugu mteja, kama ulikosa kliniki usihofu, tutakusaidia." Sista alilisoma, akatikisa kichwa.

"Huku kwetu ukimwambia mtu asihofu, anahofu. Andika, uliyechelewa, ingia."

Likaandikwa hivyo. Nimesikia mwezi ule ule walirudi watu waliokuwa wameacha kuja zamani. Wangapi sijui, na sitaki kukisia.

Katibu wa Afya aliniita baadaye. Nilidhani mafao yangu yameingia matatani. Alisema tu, "Bi Zuhura, uliniambia wanaandika habari za foleni."

"Niliogopa, Katibu."

"Mimi pia. Ndiyo maana nilikutuma." Akanisainia karatasi zangu.

Sasa niko nyumbani Iringa, kwenye nyumba ya wazazi wangu. Nyakati nyingine Dokta huniomba nije kuzungumza na wanafunzi wapya. Huwa nawapa kaunta buku walishike, walipitishe mkono kwa mkono. Nawaambia watakapokwenda mahali pa kazi watakuta watu wa kuwatilia shaka, na baadhi watastahili. Lakini wajue kwamba mtu mwoga na mwema, kwa kalamu yake na nia yake safi, anaweza kubandika kitu kikakaa baada yake. Sina maneno makubwa zaidi ya hayo. Wanapouliza kama nimejisamehe, nawaambia bado, na kwamba sina haraka.

Jambo moja nililiahirisha kuliko yote. Niliposimama kwenye kikao kile, watu wote walijua isipokuwa Mariamu, mjane wa Rajabu. Nilistaafu, nikahamisha vyombo, nikatafuta visingizio vya mvua na magoti. Nilikuwa na shaka ya mwisho, kwamba ameshaambiwa na ananisubiri aniumbue mbele za watu.

Mwishowe nilipanda basi la Rujewa. Nilimkuta uani akipepeta mchele, watoto wamekwenda shule. Sikukaa. Nilisimama pale langoni na mkoba wangu, nikamwambia yote nikiwa nimesimama: maji ya mvua, wanaume wawili, tangazo, mwezi mmoja ambao haukwisha. Nikampa barua ya Rajabu, maana ilikuwa yake kuliko yangu.

Aliupokea mfuko wa nailoni, hakuufungua. Aliuweka juu ya kinu, akashika ungo, akaendelea kupepeta mpaka mchele wote ukawa safi. Nilihesabu kwamba nimepata jibu langu, nikageuka niende.

"Umechelewa, wifi," alisema nyuma yangu. Nikasikia ungo unawekwa chini. "Ingia."